Rangi ya Kifua: Mtoto, Penseli na Ndege Aitwaye Robini



Jioni ya leo natetea kazi ambayo wengi huiona ya kupitishia muda. Kipindi kinakaribia kwisha, mwalimu amechoka, basi anagawa michoro na penseli za rangi ili darasa litulie. Nasema kazi hiyo ikifanywa sawasawa ni somo la sayansi, maana mtoto hawezi kuamua aweke rangi gani wapi bila kwanza kumtazama ndege mwenyewe. Mfano wangu ni robini, ndege mdogo wa Uingereza mwenye kifua cha rangi ya chungwa iliyoiva, ambaye hukosekana kwa nadra katika vitabu vya kupaka rangi vinavyotoka huko.

Miaka ya 1930, katika shule ya Dartington, kusini-magharibi mwa Uingereza, alikuwako mwalimu wa biolojia aitwaye David Lack. Aliwavisha robini vipete vya rangi miguuni ili amtambue kila mmoja, akawafuatilia kwa miaka, na mwaka 1943 akachapisha kitabu chake, The Life of the Robin. Kuna jaribio lake moja ambalo kila mwalimu wa watoto wadogo angefaa kulijua. Alichukua robini mfu aliyekaushwa, akamsimamisha ndani ya eneo la robini aliye hai. Mwenye eneo akaja juu, akamshambulia. Kisha Lack akaweka kishada tu cha manyoya ya kifuani, hakina kichwa wala mkia wala miguu, nacho kikatishiwa vilevile. Lakini alipoweka robini mchanga aliyekaushwa, mwenye viungo vyote ila kifua cha kahawia chenye madoa, kwa kawaida hakuna aliyemjali.

Kwa hiyo ile rangi ina kazi. Inawaambia robini wengine kwamba eneo hili lina mwenyewe. Jike naye anayo, kwa sababu wakati wa baridi jike hulinda eneo lake peke yake na kuimba kama dume. Mpe mtoto michoro mitatu, wa dume, wa jike na wa kinda, umwambie kwamba wawili wanafanana na mmoja hana rangi ya chungwa hata kidogo. Atakuuliza kwa nini, na hapo somo limeanza.

Marekani pia wana robini, lakini huyo ni ndege mwingine kabisa. Walowezi kutoka Uingereza waliona kifua chake, wakakumbuka kwao, wakampa jina hilo. Uzito wake ni takribani mara nne ya yule wa Uingereza, na mayai yake ni ya buluu, ilhali ya mwenzake ni meupe-meupe yenye vidoa vya wekundu. Mtoto wa Mswahili anayekulia Marekani humwona kwenye majani ya uani akivuta nyungunyungu, na huyo ndiye anayepaswa kumpaka rangi. Ndege huyo ana historia nzito. Katika kitabu Silent Spring cha mwaka 1962, Rachel Carson alieleza jinsi robini walivyokufa katika chuo kikuu kimoja cha Michigan baada ya miti kunyunyiziwa DDT, dawa ya kuua wadudu. Sumu iliingia katika majani, majani yakaanguka, nyungunyungu wakayala, robini wakawala nyungunyungu. Mnyororo huo mtoto wa miaka 8 anaweza kuuchora kwenye ukurasa mmoja.

Na sisi huku? Tunaye kurumbiza, na kwa nasaba kurumbiza yuko karibu zaidi na robini wa Uingereza kuliko alivyo yule wa Marekani. Yumo katika bustani za Nairobi, Arusha na Kampala. Mtazameni: kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho, chini rangi ya chungwa kuanzia kooni, mgongo wa kijivu, mkia wa rangi ya kutu ambao manyoya yake ya katikati ni meusi-meusi. Alfajiri huanza kwa sauti ya chini, akapanda, akazidi kupanda, na mara nyingi dume na jike hupokezana.

Inanisikitisha kuona mtoto wa Arusha akipaka theluji chini ya miguu ya robini, na kurumbiza anayeimba nje ya dirisha hana mchoro wake. Watoto watoke kwanza, wamsikilize, wamtafute kichakani, ndipo warudi wapake kwa kumbukumbu, kisha watoke tena kusahihisha. Michoro yenye namba za kuelekeza rangi siipendi hata kidogo, kwa kuwa inamfanyia mtoto kazi ya kutazama. Wala tusimkate alama aliyevuka mstari wa mchoro. Tumuulize mkia aliuona una rangi ngapi.

Shule isiyo na penseli za rangi isikate tamaa. Mkaa unatosha kwa kichwa, majivu kwa mgongo, manjano iliyochanganywa na udongo mwekundu kwa kifua, na mstari wa juu ya jicho unaachwa karatasi ilivyo. Ombi langu kwa idara ya elimu ya awali ya chuo chetu ni kuandaa mchoro wa kurumbiza mzima na wa kinda wake mwenye madoa, na kuwapa walimu wanafunzi wautumie watakapokwenda mazoezini.