Meno Yetu na Mshahara Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mombasa)



Leo twataka kusema juu ya meno. Msicheke, kwa maana jambo hili nalo ni la mshahara.

Tutazamaneni. Wengi wetu hatujatimiza miaka 40, na mapengo tunayo kama wazee. Je, meno yetu yameumbwa dhaifu kuliko ya matajiri? Hasha. Chai ya sukari na kaimati twatumia sote. Tofauti ni kuwa tajiri akiona doa jeusi huenda kuzibiwa. Sisi hutia karafuu, tukameza vidonge vya dukani, tukaingia kazini. Mwenzetu mmoja wa karakana alivumilia miezi mitatu, hata shavu likavimba. Alipokwenda kutibiwa akaambiwa bei ya kuziba na bei ya kung'oa. Kung'oa ni rahisi, akang'oa. Leo atafuna upande mmoja, na mshahara wa siku ile ulikatwa.

Wazee husema, "Dawa ya jino ni kung'oa." Hiyo ni dawa ya asiye na fedha. Walisema pia, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Tushike hili la pili.

Zamani za ukoloni hospitali za Kenya zilitengwa kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974. Siku hizi hatuzuiwi kwa rangi, twazuiwa kwa bei. Wala si sisi peke yetu: Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa.

Basi tufanyeje? Kwanza, miswaki ya mti yauzwa Mji wa Kale kwa bei ndogo. Tupige mswaki asubuhi na usiku, na mwenye uwezo atumie dawa yenye floraidi. Pili, chama kidai ruhusa ya nusu siku yenye mshahara, kila mwaka, mwanachama akaguliwe meno kabla hayajauma. Tatu, mkataba ujao utaje malipo ya kuziba jino, si kung'oa tu.

Januari 1947 wafanyakazi wapata 15,000 waligoma Mombasa, wa reli, wa bandari na wa majumbani. Walidai mshahara wa kununulia chakula. Nasi tudai meno ya kukitafunia.