Kumkumbuka Nyanya Aliyekuwa Rafiki

Leo hatuzungumzi juu ya homa wala chanjo. Tunazungumza juu ya majonzi, kwa maana moyo nao huuma, na ukiuma mwili mzima hupata habari.

Hapa Nchiru, kuna kina mama vijana wanaoishi katika ploti za kupanga karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, mbali na mama zao wazazi. Mama kama huyo akijifungua, huenda anayebisha hodi kwanza ni nyanya wa jirani na uji wake wa wimbi. Humshika mtoto ili mama aoge. Humwambia, "Lala kidogo, mimi niko." Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno.

Siku nyanya huyo anapofariki, watu wa boma lake hupewa pole. Wewe uliyekuwa rafiki tu huenda usipewe. Unatoka mazishini, unarudi kuosha nepi, na machozi unayameza. Mama, usiyameze. Urafiki ni undugu, na aliyefiwa na rafiki amefiwa.

Je, majonzi hufanya nini mwilini? Usingizi hupungua, chakula hakina ladha, kichwa huuma, hasira huwa karibu. Kama unanyonyesha, maziwa yanaweza kuchelewa kushuka kwa muda. Lakini hayaharibiki kwa sababu ya kilio. Endelea kumnyonyesha mtoto mara kwa mara, kunywa maji, na kula hata kama ni kidogo kidogo.

Tena usidhani kulia ni kukosa imani. Mtu anaweza kulia na kuomba kwa wakati mmoja. Imani haikuambii kwamba hukupoteza kitu. Inakuambia kwamba hukupoteza peke yako, na kwamba wema uliotendewa haukuzikwa.

Hapo ndipo shukrani inapoingia. Jioni, watoto wakiisha kula, taja jambo moja ambalo nyanya alikufanyia, na useme asante kwa Mungu. Jambo moja latosha. Watoto wakiuliza yuko wapi, waambie ukweli kwa upole: amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, nasi tunampenda bado. Usiwaambie amelala au amesafiri. Mtoto mdogo akisikia hivyo, huenda akaogopa kulala, au akakaa akimngoja.

Kuna jambo lingine ambalo kina mama huona haya kuuliza. Je, ukimshukuru nyanya, ni lazima ufuate yote aliyokufundisha? La. Pengine alikufundisha kumbeba mtoto vizuri, kumwimbia na kuwa mvumilivu. Hayo yashike. Pengine pia alisema mtoto mchanga apewe maji au ndizi iliyopondwa akiwa na miezi miwili. Alisema kwa upendo, kama alivyofunzwa. Leo tunajua mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi 6, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya. Kuacha fundisho hilo si kumdharau. Alichokitaka ni mtoto awe mzima, nawe unakitimiza.

Na dawa alizoacha je? Kama alikuwa na vidonge vya presha au vya sukari, watu wa nyumba yake wasimpe mzee mwingine. Kila mgonjwa hupimwa na kuandikiwa dawa yake. Waviweke mbali na watoto, kisha wavirudishe kwenye kituo cha afya.

Majonzi hupungua polepole, na kila mtu ana mwendo wake. Lakini zipo dalili za kutafuta msaada. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, moyo umekuwa mzito, hufurahii chochote, huwezi kumtunza mtoto au unajiona huna maana, nenda kituo cha afya useme wazi. Na kama unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje hata siku moja. Mwambie mtu wa karibu asikuache peke yako, na mwende hospitalini mara moja. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kina simu ya bure, nambari 1199, ambapo utapata mtu wa kuzungumza naye. Mchungaji au padri akuombee, na daktari akutibu. Mikono hiyo miwili haigombani.

Mwisho, mama, shukrani nzuri hutembea kwa miguu. Yuko mzee mwingine karibu nawe ambaye bado yu hai. Wiki hii mpelekee uji. Muulize kama amepimwa presha. Tazama kama njia ya kwenda chooni haina utelezi. Mpe mtoto amshike, nawe ukae umsikilize. Vile ulivyotendewa, mtendee naye.

Mungu akufariji, akutunzie na watoto.