Likizo ya Barabarani: Kutoka Dodoma hadi Lushoto

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya likizo. Huenda mlitazamia kwamba mtumishi wa serikali angewaletea hotuba ya mipango na bajeti. Leo nitawapumzisha. Nataka kueleza safari ya siku nane tuliyoifanya mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, kwa gari letu, kutoka Dodoma hadi pwani, na kutoka pwani hadi milima ya Usambara. Sikuja kujisifu kwamba tumetembea. Nimekuja kuwashawishi kwamba safari ya namna hii ni somo, na wengi wetu tuliosoma bado hatujalisoma.

Sisi watumishi husafiri sana, lakini husafiri kikazi. Dereva anaendesha, sisi tunapekua majalada. Tunafika, tunaingia ukumbini, tunakula chakula cha semina, tunarudi. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuzunguka mikoa yote asiujue hata mmoja, kisha akaandika mapendekezo juu ya watu wa huko. Ukishika usukani mwenyewe, nchi hukulazimisha uitazame.

Tulianzia Dodoma. Tuliwaonyesha watoto majengo ya Bunge na Mji wa Serikali kule Mtumba, tukanunua zabibu za kula njiani. Niliwaeleza kwamba mwaka 1973 chama cha TANU, baada ya kuuliza matawi yake, kiliamua makao makuu yahamie hapa katikati ya nchi. Kwamba Bunge lilihamia mwaka 1996. Na kwamba tangu mwaka 2016 wizara nazo zikaanza kufuata. Binti yangu wa pili akauliza: "Baba, kwa nini mji mkuu haukuachwa pwani, penye bahari nzuri?" Nikamwambia ajibiwe na barabara.

Kutoka Dodoma hadi Morogoro ni kilomita 260 hivi. Nchi hii ya Ugogo ndiyo iliyopitwa na misafara ya karne ya 19, ikitoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo. Maji yalikuwa haba, na watawala wa Kigogo waliitoza misafara ushuru wa kupita na wa kunywesha. Ushuru huo uliitwa hongo. Neno limebaki hadi leo, maana yake imegeuka. Ninyi vijana mnaotazamia kuingia maofisini, lichungeni sana neno hilo.

Tulipita Chalinze na Msata, tukateremka Bagamoyo. Kwanza tulikwenda Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya watu walioishi kwa biashara ya bahari kabla ya Mreno wala Mjerumani kufika. Kisha tukatembelea misheni iliyofunguliwa mwaka 1868. Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa Livingstone, Februari 1874, baada ya kubebwa kwa miezi mingi na akina Chuma na Susi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Vitabu vyetu vilimtaja sana aliyebebwa. Mimi niliwataka watoto wangu wawakumbuke waliobeba.

Bagamoyo hiyohiyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam kwenye bandari bora zaidi. Pembe za ndovu zilitokea hapa, watu waliouzwa utumwani walitokea hapa, na amri zikaingilia hapa. Binti yangu akatazama majahazi, akasema: "Kumbe walikaa mlangoni." Nikanyamaza, kwa kuwa nisingeweza kulisema vizuri zaidi.

Kutoka Bagamoyo tulirudi Msata, tukafuata barabara kuu ya kaskazini hadi Muheza, tukakata kwenda Pangani. Ufukoni tulikaa siku mbili. Watoto waliogelea maji yalipojaa, wakaokota makombe yalipokupwa. Lakini mchanga huo nao una habari zake. Mwaka 1888 wenyeji wa mji huu waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuja kupandisha bendera yake, na tarehe 15 Desemba 1889 kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapahapa Pangani. Miaka michache baadaye, 1893, miche ya kwanza ya mkonge ilipandwa jirani na mji huu. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kuelekea milimani, ikafika Mombo mwaka 1905.

Mombo ndipo tulipoanza kupanda. Hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, na mwinuko wa mita zipatazo 1,000. Joto la pwani likabaki chini, watoto wakadai masweta. Tulisimama Irente tukaitazama nyika iliyo chini yetu. Katika milima hii Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902. Na ua dogo la zambarau la Usambara lilikwisha kupelekwa Ulaya kabla ya hapo, ambako sasa linapambia madirisha. Tulipokuwa tukipanda tulipishana na malori ya kabichi na karoti yakiteremka. Mizigo bado inateremka, lakini hii inakwenda kwenye sahani zetu wenyewe, na mkulima wa Lushoto anadai bei yake.

Ndugu zangu, kwa wanaotaka kufuata, nasaha zangu ni tatu. Kwanza, likague gari: breki, matairi pamoja na la akiba, jeki, pembetatu na kizima moto. Pili, usiendeshe usiku, na ukiteremka Lushoto tumia gia ndogo, usiegemee breki. Tatu, penye makazi shika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, maana askari wana "tochi" isiyojua cheo cha mtu. Asiye na gari asivunjike moyo. Mabasi yanafika miji yote niliyoitaja.

Na ninyi wanafunzi, mtihani utawauliza miaka. Ijueni, mpate alama. Lakini siku moja mtapewa kalamu ya kuamua barabara ipite wapi na maji yaende kwa nani. Kabla ya kutia sahihi, nendeni mkapaone.