Pensheni ya Mstaafu na Pango la Mnyonge



Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mtumishi wa umma aliyefundisha au kuuguza wananchi mpaka umri wa miaka 60 anastahili kivuli hicho. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 254, inaagiza kwamba pensheni ilingane na cheo, mshahara na muda wa utumishi, ilipwe kwa wakati, isitozwe kodi, tena irekebishwe kila baada ya muda kwa kadiri thamani ya fedha inavyobadilika.

Hapa Kyebando, kaskazini ya kilima cha Mulago, kivuli cha wastaafu wengi ni safu ya vyumba vya kupangisha, vile viitwavyo mizigo. Mzee akipata kiinua mgongo chake hununua matofali na mabati. Wapangaji wake ni waendesha bodaboda, wachuuzi wa soko la Kalerwe na vibarua. Kwa hiyo fedha za mstaafu ndizo zinazomsitiri mnyonge.

Wafanyakazi wasio na pensheni ya Serikali nao wameelekea huko huko. Sheria ya NSSF iliyorekebishwa Januari 2022 inamruhusu mwanachama mwenye miaka 45, aliyeweka akiba kwa miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu.

Lakini fedha hizo zikishageuka kuwa vyumba, sheria nyingine huingia. Tangu Julai 2022, mtu binafsi hutozwa kodi ya asilimia 12 juu ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kupunguziwa gharama za matengenezo wala riba ya mkopo. Tuchukue mfano wa mzee mwenye vyumba vinne, kila kimoja shilingi 100,000 kwa mwezi. Mapato yake ni shilingi 4,800,000 kwa mwaka, na kodi yake ni shilingi 237,600. Asilimia hiyo ndiyo anayotozwa mwenye jumba la kifahari. Na mzee asipoweza kuibeba kodi hiyo, humtwika mpangaji, ingawa Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha pango.

Hatusemi kwamba wenye nyumba wasilipe kodi. Mitaro ya Kyebando haizibuliwi kwa dua. Tunalosema ni kwamba kodi yaweza kuwa chombo cha kujenga. Marekani, tangu mwaka 1986, humpunguzia kodi anayejenga nyumba za watu wa kipato kidogo, kwa sharti kwamba pango lisizidi kiwango kilichowekwa. Bunge letu laweza kuitazama njia hiyo kwa kipimo chetu: mwenye vyumba vya bei nafuu, vyenye choo safi na maji, apunguziwe kodi maadamu hapandishi pango. Avunjaye sharti, alipe yote.

Kwa njia hiyo Serikali haitapoteza bure, kwani itakuwa imenunua makao bora kwa wananchi wake. Katiba imeikinga pensheni ya mzee isitozwe kodi. Ni haki kinga hiyo isiishie mlangoni pa benki, bali imfuate mpaka kwenye paa alilolijenga kwa jasho lake.