Kaya ni Nini, Mvuvi ni Nani? Istilahi na Takwimu za Mafia



Tumchukue bwana mwenye wake wawili, mmoja kijiji cha Kanga, mwingine Kirongwe, kisiwani Mafia, naye hulala kwa zamu. Kila mke ana chungu chake, shamba lake la mpunga, minazi aliyorithi kwao na fedha zake za mikeka. Hapo kaya ni ngapi? Karani wa sensa ya Tanzania ya 2022 hakuwa na shida: wanaokaa na kula pamoja ni kaya moja, basi aliandika mbili, na bwana akahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Mtafiti wa lishe anayemtafuta "mkuu wa kaya" atamkuta bwana, ataandika moja, kisha atamuuliza kipato cha nyumba zote mbili. Bwana atataja kiasi. Fedha za mikeka hazijui, na kuziulizia si adabu.

Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, alilieleza jambo hili mapema. Kitabu chake cha 1975 kinatuonyesha watu wanaohesabu ukoo kwa baba na kwa mama pia, na mke mwenye mali yake mwenyewe. Hata hivyo bado tunasoma ripoti zenye "wastani wa kipato cha kaya", kana kwamba fedha zote huingia kibubu kimoja. Kwa maoni yangu, huo ni wastani wa kitu kisichokuwepo.

Baharini ni yale yale. Maji ya bamvua yakitoka, wanawake hushuka mwambani, mti mkononi, kuchokoa pweza. Dodoso likimtafuta mvuvi kwa chombo na wavu wake, hao hawamo; likiuliza nani kaleta kitoweo, wamo. Na wavuvi wa dago, wanaopiga kambi msimu mzima kisha wakaenda zao, tuwaandike Mafia au kwao? Mwandishi wa habari akiziweka ripoti mbili sambamba, atatangaza kwamba wavuvi wameongezeka, kumbe kilichobadilika ni dodoso.

Vyumba vya habari navyo vina neno lao: "hifadhini". Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ina vijiji ndani yake na kanda zenye masharti tofauti. Ziko kanda ambamo wakazi huvua kihalali. Kuandika "akamatwa akivua hifadhini" bila kutaja ukanda wala zana ni kumhukumu mtu kabla ya hakimu.

Nawaomba, wanafunzi wangu, juu ya kila jedwali mwandike nani amehesabiwa na nani ameachwa. Nanyi wahariri, ripoti isiyosema hayo irudisheni kwa mwenyewe kabla hamjaipa kichwa cha habari.