Walipona Njiani

Mazungumzo ya redio
Somo: Luka 17:11-19

 

Mto wetu wa Tana ni baraka, tena ni mtihani. Unapofurika, kama ulivyofurika mwaka 1997, na tena mwishoni mwa 2023 na katika 2024, huvunja nyumba na kuwahamisha watu. Maji yakipungua, huacha udongo mzuri wa kupandia mpunga. Lakini huacha madimbwi pia, na humo mbu huzaliana. Baada ya majuma machache watoto huanza kushikwa na homa.

Basi leo nataka tufikiri pamoja juu ya mama mmoja. Simtaji jina, kwa sababu si mmoja. Wako wengi mfano wake.

Ni usiku. Mtoto wake wa miaka miwili amekuwa na homa tangu asubuhi. Mara macho yanageuka, mwili unakakamaa, mikono na miguu inatupwa huku na huku. Mama anapiga ukelele, na majirani wanakuja mbio. Bibi mmoja mzee anasema, "Mwanangu, hiyo ni nyuni. Ndege amepita juu ya nyumba. Mtoto afukizwe. Wala msimpeleke hospitali, maana mwenye nyuni akipigwa sindano hufa." Ndugu mmoja wa kanisani anasema, "Mama, sisi tu watu wa imani. Tumwombee, basi. Ukimkimbiza kwa daktari umemwambia Mungu kwamba hawezi." Na kijana aliyesimama mlangoni anasema, "Mama, pikipiki iko nje. Twende zahanati sasa hivi."

Je, mama huyu amsikilize nani? Uhai wa mtoto wake umo katika jibu hilo.

Ndugu zangu, tusimcheke yule bibi. Anasema aliyoyaona. Degedege inayoletwa na homa mara nyingi hukoma yenyewe baada ya dakika chache. Basi ikiwa wakati huo mtoto anafukizwa, moshi ndio unaosifiwa. Ikiwa amefungwa hirizi, hirizi ndiyo inayosifiwa. Na sisi Wakristo, ikiwa tulikuwa tumemwekea mikono, Jumapili tunasimama kushuhudia, kisha hatufikiri tena juu ya ile homa. Lakini kama ni malaria, vijidudu vingali katika damu ya mtoto, vikiongezeka. Siku ya pili au ya tatu ugonjwa unarudi kwa nguvu. Sasa mtoto amezimia, damu imepungua, na hapo ndipo anapobebwa kwenda hospitali. Anapigwa sindano, lakini wakati umekwisha kupita. Anakufa. Na watu wanarudi kijijini wakisema, "Mwaona? Tuliwaambia sindano itamwua."

Hawakusema uongo. Walimwona akipigwa sindano, wakamwona akifa. Lakini hawakuwahesabu watoto wa vijiji vingine waliopelekwa mapema, wakapata sindano hiyo hiyo, na leo wanacheza mpira. Wala hawakuwahesabu wale waliofukizwa wakafia nyumbani, maana juu yao husemwa tu kwamba siku zao zilikuwa zimefika. Ndiyo sababu imani ya namna hii hudumu kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Inapofaulu inakumbukwa, inaposhindwa inasahauliwa.

Tena tusidhani kwamba wasomi hawakupata kukosea. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwaka huo huo Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa pia. Krapf alikuwa mtu mwenye elimu nyingi, lakini siku zile madaktari wa Ulaya wenyewe waliamini kwamba homa hiyo huletwa na hewa mbaya itokayo kwenye vinamasi. Hata jina malaria, katika lugha ya Kiitalia, maana yake ni hewa mbaya. Wamethodisti walipoanza kazi Golbanti mwaka 1885, bado hakuna aliyejua kwa hakika jinsi homa hiyo inavyoambukizwa. Ilikuwa mwaka 1897 ambapo Ronald Ross, daktari Mwingereza huko India, alivikuta vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu.

Tofauti ni nini, basi, kati ya hewa mbaya na ndege wa usiku? Yote mawili yalikuwa makosa. Lakini wale waliosema hewa mbaya walikubali kupimwa, na walipopimwa wakaonekana wamekosea, wakaacha. Hiyo ndiyo njia ya sayansi. Haisemi kwamba daktari hakosei. Inasema kwamba neno la mtu yeyote, awe profesa, awe mganga, awe mchungaji, sharti lijaribiwe na kuhesabiwa.

Nawapa mfano wa karibu. Katika miaka ya 1990, kwa jirani zetu wa Kilifi, watafiti walitaka kujua kama chandarua kilichotiwa dawa huokoa watoto. Hawakusema, "Twaamini." Vijiji vilipigiwa kura, ili pasiwe na upendeleo. Vingine vikapewa vyandarua, vingine vikangoja kwanza. Kisha watoto wa pande zote mbili wakahesabiwa, waliougua na wasiougua, walioishi na waliokufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Katika vijiji vyenye vyandarua vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Ewe ndugu uliyekigeuza chandarua chako kuwa wavu wa kuvulia samaki, ifikiri hesabu hiyo.

Sasa nataka niseme na sisi watu wa kanisa, maana hukumu huanza nyumbani. Mwaka 2011, kule Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa ya mti inayoponya magonjwa sugu, hata UKIMWI. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu za Tanzania. Watu walikwenda kwa maelfu, na Wakenya wengi miongoni mwao. Wako wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini, wakafa katika ule msururu mrefu wa magari. Wako waliokunywa, wakaamini wamepona, wakaacha dawa zao. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, nami simhukumu. Lakini najiuliza, katika wale wote walioshangilia, ni wangapi waliorudi kupimwa kabla ya kuacha dawa?

Na mwaka 2023, katika kaunti jirani ya Kilifi, tulisikia habari za msitu wa Shakahola. Watu waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu walizikwa humo, na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watoto. Wapendwa, mambo hayo hayaanzi siku moja. Huanza pale mtu anapofundishwa kwamba kuuliza ni dhambi, na kwamba kupima ni kukosa imani.

Sasa tulifungue somo letu. Watu kumi wenye ukoma walisimama mbali, wakamlilia Bwana Yesu awahurumie. Bwana aliwajibu nini? Aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini kwa makuhani? Someni Mambo ya Walawi, sura ya 13 na ya 14. Kuhani ndiye aliyepewa kazi ya kukagua ngozi. Alitazama doa, akatazama rangi ya nywele, na kama hakuwa na hakika alimtenga mtu siku saba, kisha akamtazama tena. Hakuponya, kazi yake ilikuwa kupima na kusema kweli, kwamba huyu ni mzima au huyu ni mgonjwa.

Yesu, mwenye uwezo wote, aliwapeleka watu hao wakapimwe. Hakuona kwamba kupimwa kunaupunguza utukufu wake. Tena angalieni jambo hili. Hawakupona kwanza ndipo wakaenda. Walipona njiani, walipokuwa wakienda. Mguu uliokuwa ukielekea kwa mkaguzi ndio uliotakasika. Na yule Msamaria aliyerudi kushukuru alishukuru kwa sababu aliona kweli kwamba amepona. Uponyaji wa Mungu hauogopi kutazamwa.

Basi mtu akikuombea kisha akakukataza kwenda kupimwa, jua kwamba hafuati mfano wa Yesu. Ombeni, ndugu zangu. Ombeni nyumbani, ombeni juu ya pikipiki, ombeni katika mtumbwi mkivuka mto, ombeni mlangoni pa zahanati. Lakini nendeni.

Najua wengine mnasema, "Mchungaji, zahanati ni mbali. Njia imejaa maji. Na tukifika twaambiwa dawa hakuna, au twajibiwa kwa ukali." Ni kweli, nami sitawaficha. Mtu aliyefukuzwa kwa maneno makali mara moja, mara ya pili ataenda kwa yule anayempokea kwa upole, hata kama dawa yake ni moshi. Kwa hiyo nawasihi ninyi wauguzi na matabibu mnaonisikiliza. Mama akisema neno nyuni, msimcheke. Mweleze polepole, umwonyeshe kipimo cha damu ya mwanawe. Watu hawaiamini elimu isiyowaheshimu.

Nanyi wazee wa kanisa, msiache mzigo huu kwa mama peke yake usiku. Kila kanisa liwe na akiba kidogo ya nauli. Wajulikane wenye pikipiki na wenye mitumbwi watakaoitwa. Mtoto akishikwa na degedege, alazwe kwa ubavu mahali salama. Asitiwe kitu mdomoni, wala kijiko, wala maji, wala dawa. Ikikoma, msiseme yamekwisha. Apelekwe saa ile ile akapimwe, maana huenda ni malaria, au huenda ni ugonjwa mwingine wa hatari. Na yule bibi mwombeni aende pamoja nanyi. Amelea watoto wengi, na kijiji humsikiliza. Akimwona mtoto akifungua macho baada ya sindano, yeye mwenyewe atawafundisha wengine kuliko sisi sote.

Mama yule bado amesimama mlangoni na mtoto mikononi. Pikipiki iko nje. Mama, mpande. Bwana yuko njiani.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeuumba mwili wa mwanadamu na akili yake, twakushukuru kwa wote wanaotafuta chanzo cha magonjwa kwa subira. Utusamehe kwa mara zote tuliposema kwa jina lako mambo usiyotuagiza. Uwafariji waliopoteza watoto, wasije wakajihukumu kwa yale ambayo hawakuyajua. Utupe imani isiyoogopa kweli. Ubariki Tana na watu wake wote. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.