Tuwachangie Wagonjwa Kabla ya Kuwazika

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kazi ya karani ni kuandika maneno ya wengine, wala si kusema yake mwenyewe. Lakini limo jambo katika madaftari ya chama hiki ambalo limeninyima usingizi, nami naona si haki nilifungie sandukuni pamoja na madaftari hayo.

Alikuwako mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa heshima ya watu wake. Aliniletea barua akiomba chama kimkopeshe fedha za matibabu. Halmashauri iliisoma, ikafungua katiba yetu, ikaona kwamba fedha za chama ni za mazishi na kusafirisha maiti tu. Mimi ndimi niliyeandika jibu la kumkatalia. Niliandika kwa lugha ya adabu, nikapiga muhuri. Haikupita miezi mitatu nikaandika barua nyingine, ya kuwaita ninyi nyote mchange kwa ajili ya maziko yake. Mlichanga upesi, tena kwa ukarimu. Jeneza lilikuwa zuri, basi lilikuwa kubwa, na chakula kilitosha wageni wote. Nilipofunga hesabu niliona kwamba fedha tulizotoa alipokufa zilizidi mara kadhaa zile alizotuomba alipokuwa hai.

Ndugu zangu, simlaumu mtu, na kama lawama ipo, basi mkono ulioandika barua ile ni huu wangu. Vyama vya namna hii vilianzishwa na wazee waliokuja mijini kutafuta kazi, na hofu yao kubwa ilikuwa kufia ugenini na kuzikwa bila jamaa. Walifanya vema, nasi hatuna budi kuwashukuru. Walakini kanuni iliyotungwa kwa huruma isiwe sasa ndiyo inayotuzuia kuhurumia. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Sisi hatukumuuliza tu; tulimwambia uji haumo katika katiba.

Tukitazama historia ya nchi yetu, tutaona kwamba jambo hili si dogo. Serikali ya Kenya huru ilitangaza vita juu ya maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 iliondoa ada iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wa nje katika hospitali zake, na mwaka 1966 ikaanzisha mfuko wa bima ya hospitali, N.H.I.F. Lakini Desemba 1989 ada zilirudishwa kwa jina la kugawana gharama. Wagonjwa wakapungua hospitalini, wala si kwa kuwa maradhi yalipungua. Ada ya wagonjwa wa nje iliposimamishwa mwaka 1990, watu walirejea. Na mwaka 1992 ilianza kutozwa tena. Yatupasa kujifunza hapo. Mtu asiye na fedha hangoji mlangoni mwa hospitali. Hukaa nyumbani, na ugonjwa hukaa naye.

Katiba ya nchi ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya afya bora, na kukataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba haki za akina mama wawili zilivunjwa, walipozuiliwa katika hospitali ya umma baada ya kujifungua kwa sababu hawakuweza kulipa. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini haki iliyoandikwa ni kama shamba lililopimwa: lisipolimwa halitoi mahindi.

Tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa zamani uliondoka, na mahali pake ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA. Mwenye mshahara alipangiwa kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara alipangiwa kulipa kwa kadiri ya hali ya nyumba yake, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na alitakiwa kuilipa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600 au zaidi. Mamilioni walijiandikisha, lakini miongoni mwa wasio na mishahara, waliolipa walikuwa wachache mno. Mjane auzaye mboga hupata fedha leo akazila leo. Atazitoa wapi za mwaka mzima kwa siku moja? Aidha, matibabu ya zahanati na vituo vya afya yaliwekwa yagharamiwe na kodi, bila mchango, kwa mtu aliyejiandikisha. Hata hivyo wako wanachama wetu ambao hawajajiandikisha.

Bwana Mwenyekiti, tangu utoto wetu tumehubiriwa habari za Msamaria Mwema. Yule hakungoja msafiri afe ndipo amnunulie sanda. Alimfunga majeraha, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, na akaahidi kulipa kitakachozidi. Naomba chama hiki kifanye vivyo hivyo.

Hoja yangu ni hii. Kwanza, halmashauri iniruhusu nimwandikishe kila mwanachama, pamoja na watu wa nyumbani mwake, ambaye bado hajaandikishwa. Sitaki malipo kwa kazi hiyo. Pili, robo ya michango yetu ya kila mwezi itengwe iwe mfuko wa wagonjwa. Mfuko huo umlipie mwaka mzima mjane au mzee asiyeweza kulipa kwa mara moja, naye arudishe kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Najua wako watakaouliza: kadi itatufaa nini ikiwa hospitali haina dawa? Swali hilo ni la haki. Kadi haitibu mtu, na mwaka 2024 tuliona madaktari wa hospitali za umma wakigoma kwa siku 56. Lakini tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zi mikononi mwa serikali za kaunti, na ofisi za kaunti si mbali. Chama kinachoweza kujaza basi zima kwa ajili ya maziko kinaweza pia kutuma wazee watano kuuliza dawa ziko wapi.

Wengine watahofu kwamba mazishi yetu yatakuwa ya aibu. Nawaambia kwa heshima, wazee wangu, jeneza la bei nafuu halijamwaibisha maiti yeyote. Aibu ni ile niliyoiona katika daftari, kurasa mbili zikitazamana: upande huu ombi lililokataliwa, upande wa pili rambirambi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Barua ile ya kukataa ingali katika faili. Naomba mkutano huu uniagize nisiandike nyingine kama hiyo tena.